Neno la Mhariri: Kungoja Nako ni Ugonjwa

Ndugu wanachama,

Mwezi huu hatuandiki juu ya mshahara. Mambo ya mshahara yapo, wala hatukuyasahau, na katibu atayaeleza mbele yenu mkutanoni. Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo lisiloandikwa katika mkataba wowote, nalo lawala wenzetu mmoja mmoja, kimya kimya. Jambo hilo ni maumivu yasiyokwisha, na hasa kule kumngoja daktari bingwa wa kuyatibu.

Wengi wenu hapa Awasi, na walio Ahero, Chemelil, Muhoroni na Kibos, mwamjua ndugu tutakayemsema. Jina hatuliandiki, maana yeye mwenyewe ameomba hivyo. Alikuwa katika genge letu la njia ya reli. Siku hiyo tulikuwa tukibadilisha mataruma, watu watano kwa kazi ya watu wanane. Mtaimbo mmoja uliteleza, na uzito wote ukamjia yeye. Alisikia kitu kikivutika kiunoni kama kamba inayokatika. Akakaa juu ya kokoto kidogo, akanywa maji, akasimama, akaendelea na kazi mpaka jioni. Hakuna mtu aliyeandika neno kitabuni.

Kesho yake hakuweza kuinama kufunga viatu. Akaenda zahanati, akapewa vidonge. Baada ya wiki mbili akaenda hospitali ya karibu, akapigwa picha, akaambiwa mfupa haukuvunjika, arudi kazini. Akarudi. Maumivu yakashuka mguuni mpaka kwenye kifundo. Akaenda tena, akaandikiwa barua ya rufaa ili aonwe na bingwa katika hospitali moja kubwa. Siku aliyopewa ilikuwa miezi mitatu mbele. Siku ilipofika, aliamka saa tisa usiku akapanda matatu, akakaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana, akaambiwa bingwa hayupo, aje baada ya miezi miwili. Aliporudi, alionwa kwa dakika chache, akaambiwa alete kwanza picha ya ile mashine kubwa ya sumaku iitwayo MRI. Bei yake ilikuwa zaidi ya mshahara wake wa mwezi. Akauza ndama. Picha ikapatikana, akapewa siku nyingine mbele zaidi.

Tangu siku ya mtaimbo mpaka siku alipopata mtu wa kumweleza vizuri ugonjwa wake, ilipita miezi kumi na mitatu. Bingwa alimpima, akasoma picha, akamwambia kwa upole, "Ungekuja mapema." Ndugu yetu akajibu, "Nilikuja mapema, daktari. Nilikuwa hapo nje."

Ndugu, maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike ukurasa huu.

SISI WENYEWE TULIMCHEKA

Kabla ya kumnyoshea mtu mwingine kidole, inatupasa tujiseme wenyewe. Mwandishi wa maneno haya alikuwa miongoni mwa waliomcheka. Tuliuita mgongo wake "mgongo wa Jumatatu." Alipoomba kazi nyepesi tulinung'unika kwamba atutupia mzigo wake. Alipotembea ameshika kiuno tulisema amezeeka kabla ya wakati. Yeye naye, kwa kuona aibu, akaanza kuficha. Akawa akibeba kama sisi mchana, na usiku akilala sakafuni, kwa kuwa kitanda kilimshinda.

Wazee walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maumivu ndivyo yalivyo. Kidole kikikatika kila mtu akiona atasema pole. Lakini mgongo unaouma hauna damu wala bandeji. Picha ikionyesha mifupa mizima, nyapara husema huyu ni mvivu, jirani husema amerogwa, na mwenye mgongo mwenyewe mwishowe huanza kujiuliza kama ana wazimu.

Basi na ijulikane. Picha ya eksirei huonyesha mifupa. Haionyeshi mishipa ya fahamu, wala misuli iliyokaza, wala usingizi uliopotea. Mtu aweza kuwa na picha safi na maumivu ya kweli. Tena mtu aweza kuwa na picha mbaya na asisikie lolote. Chama cha wataalamu wa maumivu wa dunia nzima, kijulikanacho kwa herufi IASP, kiliandika upya maana ya maumivu mwaka 2020, kikasema kwamba habari mgonjwa atoayo juu ya maumivu yake yapasa kuheshimiwa. Kama wakubwa hao wasema hivyo, sisi wa genge ni nani hata tumcheke mwenzetu?

KUNGOJA HUMFANYA NINI MTU

Wako watakaosema, "Kungoja ni kungoja tu. Mbona sote twangoja? Twangoja garimoshi, twangoja mshahara, twangoja mvua." Ndugu, hapo ndipo penye kosa. Behewa likisimama saa moja kwenye reli ya kando halidhuriki. Likisimama mwaka mzima, magurudumu yashika kutu, mbao zaoza, nyasi zaota kati ya vyuma, na siku ya kulivuta haliendi. Mwili wa mtu nao haukai vile vile katika kungoja.

Madaktari huyaita maumivu ya kudumu yale yaliyopita miezi mitatu. Maumivu ya siku za kwanza ni kama bendera nyekundu: yakuambia simama, pana hatari. Lakini yakikaa muda mrefu, mishipa ya fahamu na ubongo huzoea kuyapokea na kuyakuza. Jambo dogo lililokuwa haliumi huanza kuuma, na lililouma kidogo huuma sana. Bendera imebaki juu hata baada ya njia kutengenezwa. Ndiyo sababu maumivu ya mwaka mmoja si yale yale ya mwezi mmoja yaliyorefushwa. Yamekuwa ugonjwa wenyewe. Shirika la Afya la Dunia limekubali jambo hili, na katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022, maumivu ya kudumu yana mahali pake.

Pili, misuli hulegea. Mwenye maumivu huogopa kuinama, huogopa kutembea, hulala. Kadiri alalavyo, ndivyo misuli ya mgongo na miguu ipunguavyo nguvu, na ipunguapo nguvu mgongo huuma zaidi. Sisi wa njia twalijua jambo hili kuliko wengine. Taruma moja likianza kucheza kwa kukosa kokoto, uzito wa garimoshi huhamia kwa mataruma ya jirani. Nayo huanza kucheza. Usiposindilia kokoto leo, baada ya muda reli yote hapo imepinda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwili nao ni hivyo.

Tatu, usingizi hupotea. Mtu asiyelala huwa mwepesi wa hasira, na tena maumivu humzidi kwa sababu hakulala. Huu ni mduara usio na mlango.

Nne, moyo huvunjika. Kila siku apewayo mgonjwa ni tumaini, na kila siku isogezwapo mbele tumaini hilo huchukuliwa. Wengi huingia katika huzuni nzito ambayo ni ugonjwa wa kweli wa akili, wenye tiba yake. Huacha kuja kanisani au msikitini, huacha kuja mkutanoni, hukaa ndani. Wako wanaofika mahali pa kutamani kufa. Tukisikia mwenzetu asema maneno hayo, tusimwache peke yake, na tumpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Tano, dawa za dukani. Mtu anayengoja hanyamazi. Hununua diklofenaki leo, ibuprofeni kesho, mwezi baada ya mwezi, bila mtu wa kumpima. Dawa hizo ni nzuri kwa siku chache na kwa kipimo chake. Zikimezwa kwa miezi mingi huweza kutoboa tumbo, kudhuru figo na kupandisha presha. Wengine hununua unga na vidonge visivyo na jina sokoni. Mara nyingine ndani yake mna dawa za namna ya steroidi, ambazo huondoa maumivu upesi, kisha huvimbisha uso, huleta sukari na kulainisha mifupa. Hivyo aliyengoja tiba ya mgongo hufika kwa bingwa akiwa na ugonjwa wa figo juu yake.

Sita, nyumba huanguka. Ndugu yetu aliuza ndama, kisha mama watoto akaanza kuuza mboga sokoni Awasi, kisha binti mkubwa akarudishwa nyumbani kwa karo. Yote hayo hayaandikwi katika faili ya hospitali, lakini ni sehemu ya ugonjwa.

Wala haya si maneno ya genge peke yake. Mwaka 2008 wataalamu wa Canada, wakiongozwa na Daktari Mary Lynch, walikusanya uchunguzi uliokwisha kufanywa juu ya wagonjwa wanaongoja tiba ya maumivu ya kudumu. Waliona kwamba katika miezi sita tangu kuandikiwa rufaa, hali ya maisha ya wagonjwa na hali ya mioyo yao huharibika kwa kiasi cha kuonekana. Wakasema kwamba kungoja miezi sita au zaidi hakukubaliki kitabibu. Baadaye IASP ikatoa shauri lake: mwenye hali ya haraka sana aonwe katika wiki moja, mwenye hali ya haraka katika mwezi mmoja, na mgonjwa wa kawaida asipitishe wiki nane. Wiki nane, ndugu! Mwenzetu aliona miezi kumi na mitatu.

Canada ni nchi tajiri, na huko pia watu wangoja. Basi tusidhani kwamba kungoja ni laana ya mtu mweusi. Ni jambo linalotokana na namna kazi ilivyopangwa, na linalopangwa na watu laweza kupangwa upya na watu.

NANI ALAUMIWE?

Ni rahisi kumlaumu daktari, kwa kuwa ndiye tumwonaye. Chama chetu hakikubali lawama hiyo. Mabingwa wa maumivu katika Kenya ni wachache sana, na wengi wao wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Upande wetu wa Ziwa, mgonjwa wa Nyando hutazama Kisumu, hasa ile hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo wazee bado waiita "Russia," kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Warusi katika miaka ya 1960. Hospitali hiyo yapokea wagonjwa wa Kisumu, Siaya, Homa Bay, Vihiga, Kericho, Nandi na kwingineko. Daktari mmoja hawezi kuwa mlango wa kaunti hizo zote.

Twakumbuka pia migomo ya madaktari. Ule ulioanza Desemba 2016 ulichukua siku 100, na ule wa mwaka 2024 ulichukua siku 56. Katika siku hizo wagonjwa waliongezewa kungoja juu ya kungoja. Wako wanachama waliotuuliza, "Je, Chama chawaunga mkono watu waliotuacha benchini?" Jibu letu ni hili. Mfanya kazi hawezi kumkataza mfanya kazi mwenzake kudai haki yake. Mikataba iliyotiwa sahihi na kisha kuachwa kwenye droo ndiyo iliyoleta migomo hiyo, nasi wa reli twaijua droo hiyo. Lakini twawaambia ndugu zetu madaktari pia: dai lenu litakuwa na nguvu zaidi mkiweka ndani yake habari ya mgonjwa anayengoja, maana yeye naye ni mfanya kazi.

Tazameni na jambo hili. Wako vijana wengi waliosomea tiba ya viungo katika vyuo vya KMTC, hata hapo Kisumu kuna chuo. Wengi wao wako nyumbani, hawajaajiriwa. Yaani mgonjwa angoja mtabibu, na mtabibu angoja kazi, na wote wawili wakaa kijiji kimoja. Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi ziko mikononi mwa kaunti. Basi swali hili twalipeleka kwa kaunti, wala si kwa muuguzi wa zamu.

Na pesa? Tangu Oktoba 2024, NHIF ilipoondolewa na SHA kuingia, kila mwenye mshahara hukatwa shilingi 2 na senti 75 katika kila shilingi 100 za mshahara wote. Hakuna mwezi ambao makato hayo yamengoja. Kama pesa zetu hazingoji, yafaa mgonjwa naye asingoje mwaka.

SHERIA YASEMAJE

Wanachama wengi hawajui sheria, na mtu asiyejua sheria huibiwa akitazama. Tutaieleza kwa ufupi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yakataza mtu kutumwa kuinua au kubeba mzigo mzito uwezao kumjeruhi. Pia yataka mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawemo. Kwa hiyo watu watano kwa kazi ya watu wanane si "bidii." Ni kuvunja sheria.

Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini, ya mwaka 2007 pia, iitwayo WIBA, yamtaka mwajiri agharimie matibabu ya aliyeumia kazini kwa kiasi kinachostahili. Yamtaka apeleke habari ya ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama Kazini ndani ya siku saba tangu kujulishwa. Dai la fidia lapasa kutolewa ndani ya miezi kumi na miwili tangu siku ya ajali. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa, lakini malipo hayo hayapiti miezi kumi na miwili.

Ndugu, hesabuni. Sheria yatoa miezi kumi na miwili. Mwenzetu alingoja kumi na mitatu. Siku bingwa alipoandika kwa kalamu yake kwamba mgongo huo uliumizwa na kazi, mlango wa fidia ulikuwa umefungwa mwezi mmoja nyuma yake. Na kwa kuwa siku ile ya mtaimbo hakuna aliyeandika neno kitabuni, hakuwa na karatasi ya kubishia hodi. Ndiyo maana twasema kwamba kungoja kulimnyang'anya afya, kisha kukamnyang'anya na haki.

Na likizo ya ugonjwa? Sheria ya Ajira ya 2007 yatoa, kwa uchache, siku saba za mshahara kamili na siku saba za nusu mshahara kwa mwaka, kwa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo. Mkataba mzuri wa chama huongeza. Lakini hata mkataba mzuri hauwezi kufunika mwaka wa kungoja. Ugonjwa wa siku kumi na nne una sheria. Ugonjwa wa miezi kumi na mitatu una ndama wa kuuzwa tu.

USINGOJE UKIWA UMEKAA

Hatuwezi kuwaambia wagonjwa wangoje mpaka dunia itengenezwe. Yako mambo ya kufanya sasa. Sisi si madaktari. Haya tumeyatoa katika mashauri ya Shirika la Afya la Dunia yaliyotolewa Desemba 2023 juu ya maumivu ya kiuno ya kudumu. Shirika hilo lasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba hakuna jambo lingine linalowafanya watu wengi zaidi waishi na ulemavu.

Kwanza, usilale. Baada ya siku chache za kwanza, kitanda ni adui. Tembea kidogo kidogo, leo mpaka kwenye mwembe, kesho mpaka barabarani. Mazoezi yaliyoelekezwa na mtu wa tiba ya viungo ni dawa. Mwombe huyo hata kabla ya kumpata bingwa.

Pili, ujue ugonjwa wako. Mtu aliyeelezwa kwamba kuuma si lazima kuwe kuharibika, huogopa kidogo na kusogea zaidi. Msaada wa kuzungumza na mshauri juu ya hofu na huzuni umo pia katika mashauri hayo.

Tatu, usitupe pesa. Mishipi ya kufunga kiunoni, ile inayouzwa kila stendi, haishauriwi kwa maumivu haya ya kudumu, wala kuvutwa kiuno kwa mashine. Dawa kali za jamii ya afyuni nazo hazishauriwi kwa maumivu ya kiuno ya kawaida.

Nne, na hili lishikwe sana: yako maumivu yasiyongoja foleni. Ukishindwa kuzuia mkojo au haja, ukipata ganzi katikati ya mapaja, mguu ukilegea ghafula, ukiwa na homa, jasho la usiku au kukonda pamoja na maumivu ya mgongo, nenda hospitali siku hiyo, usingoje tarehe ya kadi. Kifua kikuu huweza kuingia kwenye uti wa mgongo, na kansa pia, na ajali ya mishipa ya fahamu hudai upasuaji wa haraka.

JIRANI ZETU WALIFANYAJE

Mtu asituambie kwamba nchi maskini haiwezi kitu. Tazameni Uganda. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha huko Hospice Africa, kwa ajili ya wagonjwa wa kansa waliokuwa wakifa kwa maumivu. Walitengeneza dawa ya mofini ya kunywa, ya bei ndogo. Lakini waliona kwamba madaktari hawatoshi vijijini. Basi hawakukaa kungoja madaktari waongezeke. Waliwafundisha wauguzi na matabibu, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu waliofundishwa hivyo kuandika mofini wenyewe. Maumivu ya kansa si maumivu ya mgongo wa genge, na dawa yake si yetu. Lakini somo ni letu: kama bingwa yuko mbali, sehemu ya ujuzi wake ipelekwe karibu na mgonjwa.

CHAMA CHATAKA NINI

Kwa hiyo, ndugu, Kamati ya Tawi italeta mbele yenu mambo haya, myajadili na kuyapigia kura.

1. Kila genge liwe na daftari la majeraha, na kila kuumia kuandikwe siku ile ile, hata kama aliyeumia asema "si kitu." Mashahidi wawili watie sahihi.

2. Mwajiri atoe watu wa kutosha na jeki za kufaa kwa kazi ya kuinua, na aliyeumia apewe kazi nyepesi kwa barua, si kwa hisani ya nyapara.

3. Kaunti iombwe kuajiri watu wa tiba ya viungo katika hospitali ndogo za upande wetu, na bingwa aje siku moja kila mwezi, siku inayojulikana na kutangazwa.

4. Mgonjwa aliyesogezewa tarehe zaidi ya mara moja apewe sababu kwa maandishi, na mtu wa kumwuliza.

5. Tawi lichague watu wawili wa kutunza orodha ya wanachama wanaongoja. Kazi yao ni kujua nani angoja nini, tangu lini, na miezi yake ya fidia imebaki mingapi. Tena kumsindikiza siku ya kliniki kama hana mtu.

Hili la tano halihitaji ruhusa ya serikali wala ya mwajiri. Lahitaji sisi tu.

Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari ya mtu aliyekaa kando ya birika kule Yerusalemu, mgonjwa wa miaka thelathini na minane. Ndugu Waislamu watatuwia radhi kwa mfano huu. Tulipokuwa watoto tulidhani shida yake ilikuwa ugonjwa. Tukiwa watu wazima twaona kwamba maji yalikuwepo, na birika lilikuwa karibu. Alichokosa ni mtu wa kumshika mkono, na wengine wakamtangulia kila mara. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya afya bora kwa kadiri iwezekanavyo. Birika lipo kwenye karatasi. Chama ni nini, kama si huyo mtu wa kushika mkono?

Ndugu yetu sasa anaendelea kutibiwa. Atembea, na siku nyingine alala usiku mzima. Hawezi tena kazi ya genge, na daktari amemwambia kwamba sehemu ya maumivu haitaondoka. Hatuwezi kumrudishia miezi kumi na mitatu. Mwandishi alimwendea Jumapili moja akamwomba radhi kwa ule "mgongo wa Jumatatu." Alicheka kidogo, akasema, "Usiniombe radhi mimi. Mwangalie yule kijana mpya, ameanza kushika kiuno."

Tumekwisha kwenda kumwangalia. Jina lake limeandikwa la kwanza katika daftari.

Njoni mkutanoni, mje na karatasi zenu za hospitali, hata zile za zamani. Na aliyengoja peke yake mpaka leo, asingoje peke yake tena.

Umoja ni nguvu.

Wenu katika Chama,
Mhariri, Tawi la Awasi